Wasifu wa Ambrosi Kalinga, Aliyekubaliwa Kusoma Kichina na Kijapani

Tunayemlaza ardhini leo hapa Igowole, Jumatatu tarehe 11 Agosti 1958, ni kaka yangu Ambrosi Kalinga. Alizaliwa hapa hapa, tarehe 14 Mei 1921, mtoto wa kwanza wa marehemu baba yetu na wa mama yetu Matilda, aliyeketi mbele yenu. Mimi ni Didas, mdogo wake. Familia imeniomba nisome maisha yake, nami naomba mnivumilie nitakaposimama kidogo.

Ambrosi alianza shule ya misheni mwaka 1930. Alikuwa mwepesi wa kusoma, na padri akamfanya mtumishi wa altare. Alimaliza darasa la nane mwaka 1938. Mwaka huo huo baba alifariki, na habari ya kuendelea na shule ikaishia hapo. Akawa karani katika shamba la chai, akatulisha mimi na dada yetu Tekla mpaka tulipoweza kujitegemea.

Mwaka 1941 aliingia Keya, jeshi la Waingereza, na mwaka 1944 akapelekwa Burma kupigana na Wajapani. Mambo ya huko hakuyasimulia sana. Aliporudishwa India alipewa zamu ya kulinda mateka wa Kijapani waliolazwa hospitali. Mmoja wao, Morita, alikuwa mwalimu wa shule kabla ya vita, na mguu wake ulikuwa umekatwa. Hawakuwa na lugha ya kuelewana. Siku moja Morita alichukua kijiti akachora mstari uliolala, na juu yake mistari mitatu iliyosimama, wa katikati mrefu kuliko mingine, kisha akaonyesha kwa kidole mlima uliokuwa mbele yao. Ambrosi akasema, "Mlima." Morita akasema neno lake. Wakaendelea hivyo kwa miezi mitano, na Ambrosi aliporudi nyumbani mwaka 1946 alikuwa na maneno mia mbili na kumi aliyoyanakili kwenye karatasi za pakiti za sigara.

Alipata kazi ya ukarani wa posta Mbeya. Hapo ndipo alipokutana na Tusekile, binti kutoka Rungwe, wakafunga ndoa tarehe 22 Oktoba 1949. Mungu akawajalia Tupokigwe mwaka 1950 na Crispin mwaka 1953.

Mwaka 1952 Ambrosi aliandika barua kwa chuo kikuu kimoja cha London, akiuliza mtu afanye nini ili asome shahada ya lugha na utamaduni wa China na Japani. Hakumwambia mtu. Alidhani watamcheka. Jibu lilikuja kwa heshima kabisa, na masharti yalijaza kurasa mbili. Masomo ni miaka minne. Anayetaka Kijapani lazima asome pia Kichina cha kale, kwa kuwa maandishi ya Wajapani yalitoka huko, pamoja na historia ya nchi zote mbili. Kabla ya kupokelewa lazima awe amefaulu masomo matano, mawili kati ya hayo katika ngazi ya juu, na moja liwe lugha ya kale kama Kilatini.

Alimsomea mkewe barua yote. Shemeji Tusekile akauliza, "Sasa Baba Tupo, Kilatini cha nini kwa mtu anayetaka Kijapani?"

"Hata mimi sijui," alisema. "Lakini wameandika."

Basi akaanza. Aliamka saa kumi na moja alfajiri kila siku, akasoma mpaka saa ya kwenda posta. Mwaka 1953 alifaulu Kiingereza na Kiswahili. Kujua kwamba Kiswahili nacho kinahesabiwa kulimfurahisha kuliko cheti chenyewe. Historia ilifuata. Hesabu alianguka mara moja, akarudia. Kilatini kilimwangusha mara mbili. Alikuwa amekijua cha kuitikia misa tu, tena bila maana, na padri wa Iringa aliyekuja kumfundisha alisema hajaona mtu anayeongea na Mungu vizuri hivyo bila kujua anamwambia nini.

Si wote walimfurahia. Mwaka 1954 alihamishiwa Iringa, na lori lao lilipumzika Chimala, kwenye duka la Muhidini, mfanyabiashara wa mchele aliyekuwa naye jeshini. Mdogo wake Muhidini, aliyeitwa Jaha, aliuawa Burma. Muhidini aliposikia habari za Morita na za masomo hayo alisukuma kikombe chake pembeni.

"Watu waliomuua Jaha, wewe unakwenda kusoma lugha yao?"

"Na mimi nimewaua wao, Muhidini," Ambrosi akamjibu. "Nataka kujua niliua watu gani."

Tangu siku hiyo, kwa miaka minne, hawakuandikiana hata salamu.

Mwezi Agosti 1957 yalikuja matokeo ya mtihani wa mwisho. Alikuwa amefaulu yote. Mwezi Oktoba chuo kikamwandikia kwamba amekubaliwa, aanze masomo Oktoba 1958, na kwamba ufadhili umepatikana. Tulicheza ngoma uani kwake, mama akiwa katikati. Sharti lilibaki moja tu, nalo tuliliona dogo: fomu ya daktari.

Tarehe 19 Novemba nilimsindikiza hospitali. Alikuwa akikohoa tangu mwaka uliotangulia. Lazima niseme hili mbele yenu: aliniuliza, nami nikamwambia ni baridi ya Iringa. Daktari alipiga picha ya kifua, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akamrudishia fomu bila sahihi. Ilikuwa kifua kikuu, na pafu moja lilikuwa limekwisha.

Tulikaa kwenye benchi nje. Nikasema, "Kaka, nisamehe."

Akaikunja fomu. "Wewe si daktari, Didas. Nenda kamwambie mama Tupo, lakini mwambie taratibu."

Alilazwa siku ile ile, na hakutoka tena. Sindano zilimpa nafuu hadi Pasaka, akaanza kuuliza habari za meli. Kisha akarudi nyuma. Watoto hawakuruhusiwa kuingia wodini, kwa hiyo Tupokigwe alisimama nje ya dirisha. Baba yake aliinua karatasi yenye alama moja ya Kijapani, kati ya zile alizomfundisha nyumbani. "Mti!" mtoto akasema. Akainua nyingine, alama ile ile imeandikwa mara mbili. Tupokigwe akafikiri, akapaza sauti, "Msitu!" Wagonjwa wote wakampigia makofi. Ambrosi naye alitaka kupiga, mikono ikakosa nguvu.

Mwezi Juni Muhidini alikuja kutoka Chimala na mfuko wa mchele. Alisimama mlangoni kama mgeni asiyejua kama atakaribishwa. "Ndugu yangu," alisema, "huyo mwalimu wako wa India, yeye alipoteza nani?" Ambrosi akamwambia: mke, na watoto wawili. Muhidini akaketi kitandani, ingawa wauguzi walimkataza. Leo yuko hapa nasi. Ametembea na jeneza tangu barabarani.

Ambrosi alifariki Jumamosi, tarehe 9 Agosti 1958, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Alikuwa na miaka thelathini na saba.

Siku tano kabla, chuo kilileta barua kuuliza atasafiri kwa meli ya tarehe ngapi. Hatukumwonyesha. Jana nilikaa kuijibu, nikaandika kwa Kiingereza kwamba Bwana Kalinga ameshindwa kutimiza sharti la afya. Nikamtafsiria shemeji. Akasema, "Shemeji, futa. Usiwaandikie ameshindwa. Waandikie amekufa."

Nimeandika hivyo.

Ameacha mama, Matilda, ambaye amewazika mume na kifungua mimba wake; mjane, Tusekile; binti, Tupokigwe; mwana, Crispin, ambaye tangu asubuhi anauliza kama hii ndiyo safari ya Ulaya; dada, Tekla; na mimi. Yule Morita, kama yu hai, hatujui tumpelekee habari wapi.

Kaka, Bwana akupokee, akupe amani, na kifua chako kipumzike.