Bi Gudrun Lohse na Ukungu wa Mlimani

Tarehe 31 Machi, Bi Gudrun Lohse anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kutengeneza michoro iliyochakaa katika Jumba la Sanaa la Lindenhof, hapa Dresden. Alianza akiwa binti mwembamba ndani ya koti la kazi la baba yake. Anaondoka akiwa mkuu wa karakana, na koti ni lile lile.

Tusidanganyane: ni mkali kama pilipili. Aliyeingia karakanani na kikombe cha kahawa alifukuzwa kama kuku. Lakini mikono yake! Imerudisha nyuso, farasi na mawingu ambayo sisi wengine tuliona ni uchafu tu.

Tutamkumbuka zaidi kwa ule mchoro wa msafiri aliyesimama mbele ya mlima uliofunikwa na ukungu. Picha ya eksirei ilionyesha kwamba chini ya ukungu kuna kilele kizima, na msalaba juu yake. Mkurugenzi wetu wa wakati huo, Dkt. Ansgar Wehling, alishindwa kujizuia kwa furaha. Aliamini ukungu ulipakwa na mtu mwingine baadaye, akaagiza ufutwe. Mabango ya maonyesho yakachapishwa kabisa, kilele hicho hapo.

Bi Lohse akagoma. Mkurugenzi akafoka: "Watu wanakuja kuona mlima, Bi Lohse!" Naye akamjibu: "Basi wapande treni, Daktari. Milima iko nje, nusu saa tu." Akaambiwa wazi kwamba akikosea, afungashe brashi zake. Rangi ikishafutwa ni maji yaliyomwagika, hayazoleki.

Akainamia hadubini. Ukungu ungepakwa miaka mingi baadaye, rangi yake ingejaa ndani ya nyufa za rangi kuukuu ya kilele. Haikuwamo hata chembe. Tabaka zote mbili zilipasuka pamoja. Mchoraji mwenyewe ndiye aliyekificha kilele chake. Wachoraji wa zama zile waliuona mlima kuwa makao ya Mungu: unautazama, unautamani, huufikii. Mabango yakatupwa, ukungu ukabaki.

Jumatano iliyopita, kwa desturi yetu, anayeondoka ndiye aliyetulisha: keki ya jibini, kaioka mwenyewe. Dkt. Wehling, mstaafu siku nyingi, alikuja na mkongojo wake, akasimama mbele ya mchoro muda mrefu.

"Gudrun," alisema, "ungenitii, ningemalizana na mchoro huu siku ile ile. Sasa kila mwaka narudi kuutazama."

Bi Lohse, ambaye hatukuwa tumewahi kumwona akilia kazini, alilia.

Ahsante, Bi Lohse. Pumzika vyema, na huko uendako kisikosekane kitu cha kutamani.