Sanda Iliyorudi kutoka Konde

Sogeeni, wanangu, Bakar na Hamad, na wewe Mwanapili kaa hapo kwa mama yako, mnisikilize mpaka nimalize, maana pumzi iliyobaki naigawa mwenyewe. Nyumba hii na shamba la mikarafuu vina sheria yake; kadhi wa Chake Chake atawagawia, na atakayenung'unika atakuwa anamnung'unikia Mungu, si mimi. Langu ni moja tu, limo ndani ya kasha lile: sanda, bafta nyeupe, haijavaliwa na mtu.

Mnajua kwamba nilikuwa mpimaji karafuu ghalani. Msilolijua ni kwamba bwana wa ghala hakuniajiri kwa hesabu nilizosoma shule ya serikali. Aliniajiri kwa mabega haya. Alikuwa na timu ya mpira, akataka beki wa kulia, kwani wa kushoto alikwishampata: Himid bin Mabruki bin Jaribu, wa Konde, mchukuzi wa magunia, ambaye babu yake alitoka bara. Miaka kumi na minane tulisimama pamoja, tukala kwa mbavu zetu. Kazi ya beki haina nyimbo, wanangu. Mfungaji hubebwa juu; beki hukumbukwa siku aliyopitwa.

Na mimi nilipitwa. Mwaka 1954, tukicheza na watu wa Wete, winga wao alinipita nami nimesimama kama mtu anayetazama harusi. Himid akakata uwanja mzima, akajitupa mbele yake, mfupa wa mtulinga begani ukavunjika, na mpira ukamgonga ukaingia golini kwetu. Pemba nzima ikasema Himid ndiye aliyetufungisha. Nikamfuata, mkono wake umefungwa kitambaa shingoni, nikamwambia, "Himid, yule alikuwa mtu wangu." Akacheka. "Bwana Duni, ukuta ukianguka, nani huuliza ni jiwe lipi lililoanza?" Nami nikamwacha aubebe uzito wangu hadi kufa kwake.

Kisha zikaja siasa hizi. Mnaziona wenyewe: majirani hawauziani chumvi, hawazikani. Himid alipofariki mwaka jana, yeye chama chake na mimi changu, nilijifunika shuka nikasema nina homa. Sikuwa na homa. Nikamtuma Mwanapili na sanda, nikidhani kitambaa kitasimama mahali pangu. Pandu, mwanawe Himid, akairudisha imekunjwa vilevile: "Dada, kamwambie baba, beki hatumi nguo. Beki hufika mwenyewe." Nami nikakukaripia wewe, Mwanapili, uliyeleta maneno. Nisamehe, mwanangu. Tangu siku ile nasema nitakwenda Konde, nitakwenda Konde; aibu ya mtu mzima ni nzito kuliko gunia la karafuu mbichi, na sasa miguu imekataa.

Basi, Bakar, wewe ndiye miguu yangu. Nenda kwa Pandu, usimwite pembeni. Simama barazani mbele ya watu useme: Duni bin Ngwali anasema, yule wa Wete alikuwa mtu wake, na maziko yalikuwa yake, na yote mawili yalimpita. Taja jina la Himid kwa ukamilifu, mpaka kwa babu yake, wasije wakadhani ni Himid mwingine. Kisha umwombe aje anizike.

Usitikise kichwa. Nimekusikia. "Baba, wenzetu wa chama hawatalishika jeneza akiwapo yule." Wasilishike. Jeneza lina pembe nne: nyinyi wawili, na Pandu, na wa nne Mungu hatakosa kumleta. Ada ya mja kunena, ya muungwana kitendo. Nivikeni sanda ile ile, msinunue nyingine. Kaburini aingie Pandu, ashike upande wangu wa kushoto, ndiko alikosimama baba yake.

Atakuja. Nililijua jiwe alimochongwa.

Mwanakhamis, mke wangu, maji... kidogo tu. Yatosha. Hamad, mtunze mama yako. Mwanapili... wewe nimekwisha kukuombea. Radhi zangu ziko juu yenu, nyote, mbele ya Mola, msitafute tena nyingine.

Bakar... bado umekaa? Gari ya Konde haimngoji mtu. Vaa viatu... hapa hapa. Nivione.