Kamati ya Uhispania

Nje ya bakala, duka la Myemeni mmoja mtaa wa Malaz, Riyadh, kuna kiti cha nyuma cha Land Cruiser iliyokufa zamani. Wakenya wa mtaa ule wanakiita Bunge, na Ijumaa asubuhi, kabla ya swala, hakikosi watu. Mwenyekiti ni Justus, askari wa lango kwenye ofisi moja mtaa wa Olaya, mtu ambaye hata mkikutana wawili kununua vitunguu lazima aunde kamati. Pembeni yake hukaa Hezron, dereva wa lori la maji, anayeitwa Ramani kwa sababu anazijua njia zote za dunia, hasa zile ambazo hajawahi kupita. Katikati yao leo alikaa Alfayo, dereva wa nyumbani, jina la kijiwe Breki, na roho ilikuwa juu juu.

Bosi wake, mzee anayemwita Baba, alikuwa anakwenda kukaa miezi mitatu kwenye hoteli ya wazee huko pwani ya Uhispania, apumzike. Kila mtoto wake alimpangia ratiba, na Baba akazikataa zote. Jana garini akamwambia Alfayo: “Wewe umenibeba miaka yote hii. Nipangie siku zangu, kesho nikitoka msikitini unieleze. Ukinifurahisha, tunakwenda wote.” Asipomfurahisha, Alfayo anahamia Jeddah kwa mwana mkubwa, mwenye watoto kibao, shule kila kona ya mji, na mkono unaopiga honi hata gari likiwa limepaki.

— Kamati ya Uhispania imefunguliwa rasmi, Justus akasema, akimimina kahawa. Mimi mwenyekiti. Ramani, wewe usafiri.

— Na mimi?

— Breki, wewe mwanakamati wa kawaida.

— Jamani, si ni bosi wangu!

— Ndio maana. Utapendelea.

Ramani akakohoa kidogo.

— Ndege tusahau. Tunatoka hapa na Hilux, Misri, Libya, tunafuata bahari mpaka Moroko. Ukifika pale Uhispania unaiona kwa macho.

— Baba ana miaka themanini, Ramani! Mgongo je?

— Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Hiyo inaingilia wapi?

— Si kwa mgongo!

Justus akagonga kikombe kuleta utulivu.

— Tuingie kwa ratiba. Haraka haraka haina baraka, kwa hivyo mzee aamke saa kumi alfajiri. Mazoezi ufukweni, halafu anafunzwa kuogelea.

— Baba hata kanzu havui mbele ya watu.

— Asivue! Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Yeye hajavua, basi hawezi kulaumiwa.

Alfayo alijiona yuko Jeddah tayari, kwenye foleni ya shule, mtoto mmoja analia, mwingine amemwaga maziwa kitini, na simu ya bosi mpya inaita. Baba hampigii kelele. Baba humwambia, “Twende polepole, barabara haitoroki.” Kumkosa mtu kama huyo kulimuuma kuliko kukosa hiyo Uhispania yenyewe.

— Chakula, Justus akaendelea. Tende gunia nne, na mbuzi.

— Mbuzi anapita vipi uwanja wa ndege?

— Si nilisema Hilux? Ramani akadakia, amefurahi kama mtu aliyeshinda kesi.

— Jioni, mpira, Justus akasema. Wazee wa Riyadh na wazee wa Uhispania. Tusingoje, chelewa chelewa utapata mwana si wako.

— Baba ana watoto saba, hatafuti mwingine!

— Kila Jumamosi mgeni rasmi, hotuba tatu, neno la shukrani. Mwezi wa pili tunaita wazee wa dunia nzima, Baba anakuwa mwenyekiti wa maisha.

Hapo akatokea Metrine, anayefanya kazi za ndani mtaa wa pili, amekuja dukani kununua kadi ya simu. Akawasalimu, wakamsogezea nafasi, na Justus akamsomea ratiba yote bila kupumua, kuanzia Hilux mpaka mwenyekiti wa maisha. Metrine alisikiliza kwa adabu.

— Sawa, ndugu zangu. Sasa huyo mzee anapumzika saa ngapi?

Justus akachungulia kikombe chake. Ramani akatazama upande ambao huenda ndiko Moroko iliko. Justus akainamisha themosi amimine, yakatoka matone mawili, basi.

Alfayo akawaangalia. Tangu asubuhi hawajafanya lolote la maana, wamekaa tu, wamebishana, na yeye pamoja na hofu yake yote hakuna mahali Riyadh nzima anapopumzika kama hapa. Adhana ikaanza. Akaruka, akakimbilia gari.

Swala ilipokwisha, Baba alitoka msikitini na yule mwana mkubwa wa Jeddah, aliyekuja kumuaga.

— Haya, Alfayo. Mpango?

— Asubuhi kahawa, Baba.

— Halafu? mwana akauliza.

— Tunakaa. Tunabishana kidogo.

— Halafu?

— Halafu kahawa inaisha.

Mwana akacheka kwa dharau. Baba hakucheka.

— Mnabishana juu ya nini?

— Lolote, Baba. Leo ilikuwa juu yako. Kulikuwa na mbuzi.

— Mbuzi! Yalla, twende, nipeleke nikaone.

Walipofika, Bunge lote lilisimama, Metrine akiwamo. Baba akaketi katikati ya kiti, akanyoosha miguu, akafumba macho kidogo. Ramani hakuweza kujizuia, akamweleza habari ya Hilux kwa Kiarabu cha kuunga unga.

— Upuuzi! Baba akafoka, kidole juu. Hata Misri hufiki! Mimi nimeendesha lori ujanani, wewe unaniambia nini?

Wakabishana mpaka Baba akachukua fimbo yake kumchorea njia kwenye vumbi. Alfayo hakuwahi kuuona uso wa mzee ukiwa kijana hivyo. Mwana akapiga honi garini. Baba hakugeuka.

— Halas, basi, akasema. Nataka hivi hivi, na bahari mbele. Na Alfayo pembeni. Jeddah itafute dereva mwingine.

Alfayo akarukaruka kama mtoto. Metrine akapiga kigelegele mpaka Myemeni akatoka dukani. Justus akapanda juu ya kreti ya soda.

— Wandugu, kazi imekwisha! Leo ni vunja kamati!

— Vunja kamati ni nini? Baba akauliza.

— Ni sherehe, Baba, ya kumaliza kazi.

— Sherehe bila kahawa?

Na mwana wa Jeddah akaitwa kutoka garini, akapewa themosi akaijaze.