Hedi Iliyotundikwa Getini

Kabla hamjaniitikia, nikiri jambo ambalo nimelikana kwa miaka. Ile silinda hedi mbovu, kifuniko cha juu cha injini, inayoning'inia kwenye geti la gereji yangu, ambayo nimekuwa nikiwaambia ni ya kufundishia wanafunzi wa ufundi, haijawahi kumfundisha mwanafunzi yeyote. Niliitundika kwa kisasi. Mama mchungaji, unisamehe. Najua uliniomba niseme na akina mama leo juu ya kusamehe. Umemwomba mtu asiyefaa, lakini chai imeshachemka, kwa hiyo nivumilieni.

Mnajua nilisomea uhandisi chuo kikuu, kwa sababu nimehakikisha mnajua. Nilirudi Mbeya nikafungua gereji na mwanaume mmoja ambaye sitamtaja. Yeye alikuwa na mikono na maneno, mimi nilikuwa na hesabu. Tuliunda injini za magari ya mashindano. Aliniita Profesa, nami nikadhani ni sifa.

Akaja tajiri mmoja wa mpunga kutoka Madibira. Alitaka gari la kushindana kutoka Iringa, lishuke Kitonga mpaka Ruaha Mbuyuni, kisha lipande tena. Kazi kubwa kuliko zote tulizowahi kupata.

Sasa, akina mama, nitawaeleza kwa vijiko vya chai. Pistoni ikishuka, silinda inavuta hewa na petroli. Ikipanda, inavibana vyote kwenye kachumba kadogo huko juu, ndani ya hedi. Tuseme safari ya pistoni inafagia vijiko mia, na kachumba kanachukua vijiko kumi na nusu. Jumlisha vyote, ugawe kwa kachumba: unapata kumi na nusu kwa moja. Hiyo ndiyo kompresheni. Ikiwa ndogo, gari linasinzia. Ikizidi, petroli inalipuka kabla ya wakati wake, injini inagonga kama mtu anayepiga sufuria kwa nyundo, na pistoni inatoboka.

Nilikapima kachumba kwa bomba la sindano na mafuta ya taa, hedi nimeifunika kwa plastiki inayoonyesha. Nikahesabu na unene wa gasketi. Kumi na nusu, safi kabisa. Nikaenda Iringa kwenye msiba wa shangazi. Niliporudi, injini ilikuwa imeshafungwa na kupakwa rangi. Tukaijaribu kwenye mlima wa kwenda Chunya, ikapaa. Mwenzangu alicheka njia nzima.

Ndugu zangu, nawaambia, baridi ya huku juu ni mwongo mtamu. Hewa yetu ni nyepesi, inaficha makosa ya injini. Ruaha Mbuyuni ni bondeni. Hewa nzito, na joto linaloivisha nyanya huku unazitazama. Gari lilifika kule likaanza kugonga, na kabla halijageuza lilikuwa limetoboka pistoni mbili.

Mwenzangu alisimama mbele ya watu na simu zao zinazorekodi, akanyoosha kidole. "Mimi nimefunga boliti tu. Hesabu ni za Profesa." Watu wakacheka. Na mimi, kwa usomi wangu wote, nilimwamini. Nilidhani nimekosea.

Wateja wakanikimbia. Nikarudi Iringa kwa mama, nikalala na khanga usoni. Kila asubuhi mama alinisalimia kupitia dirishani, "Kamwene, msomi. Nyanya hazijui kama una aibu." Nikaamka nikapalilia nyanya, huku kichwani nikirudia ile hesabu. Kila mara jibu lilikuwa lile lile.

Mwishowe nilijichosha. Nikaenda Madibira kumwomba tajiri aniruhusu kuipima upya injini yake iliyokufa. Alinitazama kama unavyomtazama mtu anayetaka kumpima homa marehemu, lakini akaitoa. Nikaweka hedi uwanjani kwake, mbele ya wapakiaji wa mpunga. Nikafunika plastiki, nikaanza kujaza. Mafuta ya taa yakafurika mapema. Nikarudia. Yakafurika palepale.

Kijiko kimoja na nusu kilikuwa hakipo.

Hedi ilikuwa imekwanguliwa. Mwenzangu, nikiwa msibani, aliipeleka kwenye mashine ipunguzwe ili kachumba kabanwe zaidi, maana alisikia kijiweni kwamba namba ikipanda na nguvu inapanda. Kachumba kakabaki na vijiko tisa. Chukua mia na tisa, ugawe kwa tisa: kumi na mbili na ushee. Mbeya ingevumilia. Ruaha Mbuyuni ikakataa.

Tajiri alitaka tumwite papo hapo. Nikakataa. Sikutaka aitwe; nilitaka anipigie mwenyewe. Nikaomba kitu kimoja tu, ile hedi.

Nikafungua gereji mpya, kando ya barabara ile ile, nikitazamana na yake. Nikaitundika hedi getini kama nyama buchani. Kila aliyeuliza nilimweleza habari ya vijiko. Jina sikulitaja hata siku moja. Nilielekeza kidevu ng'ambo ya barabara. Na nilipoona anaendelea kukwangua hedi za watu, sikuvuka kumwonya. Hilo nalo liandikeni.

Namshukuru mama yangu kwa nyanya zake. Namshukuru yule tajiri, ambaye gari lake nililiunda upya na sasa linapanda Kitonga likiimba. Nakushukuru dada uliyekaa karibu na mlango, ulinipa kiwanja nikiwa sina jina. Na funzo langu ni hili: ukiambiwa umekosea, pima tena kabla hujalia. Msamaha nao una kipimo chake, na wangu bado sijamaliza kuupima.

Maana mwezi uliopita, mchana, gereji imejaa wateja, simu iliita. Ni yeye, mwenzangu wa zamani, yuko Ruaha Mbuyuni na gari la mteja.

"Dada," akasema. Profesa alikuwa amekufa. "Injini inagonga. Mteja amenisimamia hapa. Nisaidie."

"Uliikwangua?"

Nilisikia mteja wake akigomba kwa nyuma.

"Niliikwangua. Hata ile ya kwanza, dada. Ile ya Madibira. Ni mimi, si hesabu zako."

Nikamwambia azime injini, asijaribu kupanda Kitonga. Kisha nikabonyeza spika, nikaiweka simu juu ya boneti, wateja wakasogea.

"Rudia, kaka," nikasema. "Huku Mbeya kuna upepo."