Isaiah Ogutu: Fundi Aliyekataa Chai ya Kilimani

Ijumaa tarehe 31 Julai 2009, Bwana Isaiah Ogutu atakabidhi funguo za karakana baada ya kuitumikia Upeo Mawasiliano kwa miaka thelathini na mitatu. Funguo hizo amezipoteza mara nyingi, kwa hivyo tumemwomba azilete asubuhi na mapema.

Alianza mwaka wa 1976 akitengeneza redio katika duka letu la barabara ya Luthuli. Baadaye akahamia simu za ofisini, kisha kompyuta, na mwaka wa 2006 akawashawishi wakubwa wafungue kitengo cha mtandao wa wayalesi, yaani usiotumia waya, wa majumbani. Walisita sana. Ogutu, ambaye hajui kunong'ona, aliwaambia mbele ya wafanyakazi wote kwamba kitengo kikianguka, naye aandikiwe barua ya kwenda nyumbani.

Nusura kianguke mwaka jana. Mteja wetu mkubwa lilikuwa jengo moja la Kilimani, na mwenyekiti wa wakazi wake, Bi. Prabha, alikuwa amechoka nasi. Mtandao nyumbani kwake ulitambaa, na kila akizungumza na binti yake Ishita aliyekuwa akisoma ng'ambo, Ishita aliganda kwenye skrini mdomo wazi. Tukapewa hadi mkutano wa wakazi wa Jumamosi, la sivyo jengo zima lingehamia kampuni nyingine. Wakubwa wakaamua kwamba jengo likienda, kitengo kifungwe.

Ogutu alikwenda mwenyewe. Alikuta mwana wa Bi. Prabha amenunua ruta yake, kile kifaa cha kusambaza mtandao, na kuichomeka nyuma ya yetu, zote mbili zikitumia anwani 192.168.1.1. Akamweleza kwamba mlango nambari moja unaweza kuwa mtaa wa Kabiria na mwingine ukawa mtaa wa Kangemi bila ugomvi, lakini ploti moja haiwezi kuwa na milango miwili ya nambari hiyo. Akaibadilisha anwani ya ruta ile mpya, mtandao ukapita vizuri, nasi ofisini tukashangilia. Kisha akafungua laptopu apime kasi, na kasi ikaporomoka.

Alirudi siku ya pili na ya tatu, akabadilisha ruta, waya na chaneli ya mawimbi. Kila akianza kupima, mambo yalikuwa yale yale. Ieleweke kwamba Ogutu hajawahi kukataa chai ya mteja, na Bi. Prabha hana mgeni wa kukaa mkono mtupu. "Wacha hiyo kompyuta kwanza, Mzee, chai inapata moto," alikuwa akimwambia.

Ijumaa, Ogutu alifika akiwa ametoka kung'olewa jino, shavu limevimba. Kwa mara ya kwanza katika historia ya kampuni, akakataa chai. Mtandao ukakimbia ajabu! Alikuwa tayari anafunga mkoba kwa furaha Bi. Prabha alipoona aibu na kumpashia kikombe, walau akishike tu. Kasi ikafa papo hapo kwenye laptopu iliyokuwa bado wazi. Ogutu akageuka taratibu, akaitazama maikrowevu iliyokuwa ikinguruma kando ya ruta yetu.

"Mama, hebu pasha kingine," akasema. Bi. Prabha akapasha. Akapasha tena, hadi meza ikajaa vikombe na wote wawili wakawa wanacheka. Kumbe ukarimu wenyewe ndio uliokuwa ukituangusha, maana maikrowevu ikiwaka huvuruga mawimbi ya wayalesi, na katika nyumba ile, maziwa na chapati hupashwa kutwa nzima. Ruta ikahamishiwa sebuleni, mbali na jikoni. Jioni hiyo Ishita akaongea na mama yake bila kuganda, na Jumamosi jengo likabaki nasi. Jengo jirani nalo likajiunga! Ofisini tulimbeba Ogutu juu juu, jino au hakuna jino.

Leo kitengo hicho kinalisha familia nyingi, na mimi ninayeandika haya niliajiriwa humo. Kamati ya sherehe ilikuwa imemnunulia maikrowevu, tumeirudisha dukani. Bi. Prabha ameahidi kuja na birika la chai iliyochemshwa kwenye jiko.

Mzee Ogutu, uliweka kazi yako rehani, nasi tukapata zetu. Ahsante sana. Nenda nyumbani kwako Kabiria ukapumzike kwa afya na furaha, na safari hii chai usiikatae.