Subiri Anatuachia Chuma

Leo, tarehe thelathini Juni, baada ya miaka thelathini na mitatu katika maabara ya chuma, mtafiti wetu mkuu anastaafu. Jina lake kamili liko kwenye kadi ya mwaliko. Sisi tunamwita Subiri, kwa kuwa ndilo neno analolitumia kuliko mengine yote. Ukimletea matokeo mazuri, subiri. Ukimletea keki, subiri kwanza anawe mikono.

Kazi yake, kwa wageni waliofuata chakula, ni hii. Mwilini mna vimeng'enya, protini zinazoharakisha kazi za mwili, na vingine vina hemu, kile kipande chenye chuma katikati ambacho pia huipa damu wekundu wake. Kimeng'enya kinapofanya kazi, chuma hicho hushika oksijeni kwa muda mfupi mno. Subiri alitaka kujua jambo moja: oksijeni hiyo imebeba hidrojeni au haijabeba? Jibu liko katika jinsi elektroni za chuma zilivyojipanga, nazo hazionekani kwa macho. Unaigandisha sampuli, unaimulika kwa eksirei, kisha unasoma ni mwanga gani umemezwa. Watu wamechumbiana, wakaoana na wakaachana, swali likiwa palepale.

Nyumbani nako walijitahidi kuelewa. Mama mkwe wake alisikia “chuma” na “damu”, akaamua kwamba mkwewe anatibu upungufu wa damu, na kwa miaka mingi akawa anamletea majirani. Subiri aliwapokea wote, akawapa chai, akawaelekeza zahanati. Mumewe, shemeji yetu fundi cherehani, aliuliza kila jioni kama hidrojeni imepatikana, kwa sauti ya mtu anayeulizia paka aliyepotea.

Basi ikapatikana. Vipimo vya eksirei vilionyesha waziwazi kwamba oksijeni imebeba hidrojeni. Makala ikachapishwa, pongezi zikamiminika, uprofesa ukawa unangoja sahihi tu. Shemeji akamshonea suti ya sherehe. Subiri peke yake hakutulia. Aliimulika tena sampuli ya aina ileile, kidogo, kisha zaidi, akaona kwamba kadiri anavyomulika ndivyo jibu linavyozidi kupendeza. Kumbe eksirei yenyewe ndiyo iliyokuwa ikikiongezea chuma elektroni, na oksijeni ikavuta hidrojeni kwa sababu hiyo. Kimeng'enya hakikuwa kimetuambia kitu; tulikiharibu kwa kukitazama.

Aliiondoa makala yake mwenyewe. Cheo kikaenda kwa mwingine, suti ikavaliwa kwenye harusi ya mpwa wake. Mimi, fundi mitambo wake, iliniuma na inaniuma hadi leo. Yeye alilia siku moja tu, kwenye chumba cha majokofu, akatoka akaomba sampuli mpya.

Tangu hapo tuna ule utaratibu ambao idara nyingine zinaucheka. Kila sampuli humulikwa mara moja, kufumba na kufumbua, kisha hutupwa na kuletwa nyingine. Tunahangaika wiki nzima kutayarisha kimeng'enya ambacho kitapata mwanga wa muda usiotosha hata kupiga chafya. Wanafunzi wawili walihamia idara ya mimea, na wanasema wana furaha.

Mwezi uliopita, vipimo hivyo vyote vilipounganishwa, jibu likajitokeza: haijabeba. Hapana hidrojeni. Mkurugenzi alitaka litangazwe leo ukumbini, kabla ya keki, ili Subiri aondoke na heshima aliyoikosa. Sote tulitaka hivyo. Subiri alimsikiliza hadi mwisho, akamshukuru, akakataa.

“Nimelitamani mno jibu hili, kwa hiyo siliamini jicho langu,” alisema. “Rudieni kwa kimeng'enya kipya, mimi nikiwa sipo. Mkipata hilohilo, basi ni kweli.”

Kwa hiyo leo hatutangazi chochote. Kimeng'enya kipya kiko kwenye jokofu, kazi inaanza Jumatatu, na funguo zake amenikabidhi ili asipate kishawishi cha kuchungulia. Mkurugenzi ameomba keki iliwe hata hivyo.

Dada yetu, asante kwa kutufundisha kazi, na kwa kila furaha ya haraka uliyotunyima. Tutakukosa sana, na hilo halihitaji kupimwa upya. Tunakutakia afya, usingizi mnono na maisha mema huko uendako. Usitupigie simu kuuliza. Tukipata jibu lako, tutakupigia. Tukipata jingine, tutakupigia vilevile.