Uso wa Mheshimiwa na Neno la Siri la Rahmati

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Katibu wa Mawasiliano na Sura ya Kisiwa,
Waheshimiwa mliofuatana naye,
Walinzi mliobaki mlangoni kwa kukosa nafasi,
Wazee wetu, kina mama, majirani wa Mutsamudu,

Asalaam alaykum.

KARIBU

Sisi wachapaji, wachoraji wa mabango na wafunga vitabu tumefurahi kukuona umesimama mbele yetu. Tumekuzoea ukutani, kuanzia kifuani kwenda juu. Leo tumekuona mzima, una mikono na miguu, na tunamshukuru Mungu kwa afya yako. Tumeambiwa umekuja kutupa cheti cha shukrani kwa lile bango, na kuagiza mengine elfu moja. Karibu sana. Kiti ulichokalia ndicho pekee chenye miguu minne, usijitingishe.

Kuna jambo moja la utaratibu. Risala hii tumeiandika watu tisa, ila inasomwa na mwenzetu Rahmati, mfunga vitabu, kwa kuwa sauti yake inafika nyuma bila kipaza sauti, na umeme wa kutumia kipaza sauti hatuna. Rahmati huyo huyo anatajwa humu ndani mara nyingi. Tumepatana naye kwamba akifika kwenye jina lake alisome kama la mtu baki, asiongeze la kwake, wala asiruke aya. Tunaomba nawe umsikilize hivyo hivyo.

TULIKOTOKA

Karakana hii ilianzishwa na marehemu Bwana Saïndou, Mungu amlaze pema, kwa mashine moja ya mkono. Alichapa kadi za harusi, matangazo ya maulidi na karatasi za mitihani. Watu wakimuuliza mbona hana siasa, alikuwa akijibu, "Mimi nina wino."

Mwaka wa tisini na saba kisiwa chetu kilipojitenga na serikali ya Moroni mara ya kwanza, mambo yakageuka. Tukaanza kuchapa barua zenye vichwa vya serikali. Ikaja serikali nyingine, tukachapa tena. Mwaka jana tukajitenga upya, au tukaendelea pale pale, wakubwa mnajua zaidi. Stoo yetu imejaa karatasi zenye vichwa vya serikali ambazo hazikungoja wino ukauke. Migongo yake ni mizuri, tunaifungia madaftari ya watoto wa shule.

Siku hizi meli haziji. Boti za Moroni zimezuiwa, mafuta yanauzwa kwa chupa, na simu ya kwenda huko inakatika kabla salamu hazijaisha. Kilichobaki ni duka la intaneti la Nassim, pua na mdomo na karakana yetu, lenye kompyuta tatu na jenereta inayokohoa. Mtu mwenye ndugu Moroni hana mlango mwingine.

MAFANIKIO

Fanikio letu kubwa ni bango lako, Mheshimiwa. Mwezi wa Desemba ulituagiza tuwafundishe wananchi kulinda barua zao za kompyuta, kwa sababu Moroni wana macho. Maneno ulitupa mwenyewe: "Mwananchi, linda siri yako."

Fundi Tayeb, mchoraji wetu, akachora kufuli. Likarudi, kwamba kufuli litawakumbusha watu vikwazo. Akachora mlango uliofungwa. Nao ukarudi, wewe ukiuliza nani kaufunga. Akachora mkono unaoficha karatasi, ukauliza mkono wa nani. Ndipo ukamwambia, na sisi tulikuwepo, "Fundi, watu hawasomi michoro. Wanasoma nyuso." Hapo uso wako ukaingia. Katika sampuli ya kwanza ulikuwa kama stempu, ya pili kama kisahani, ya tatu kama sinia la harusi.

Zikaja herufi. Tayeb alikuwa amechagua herufi nyoofu, nyeusi, za kusomwa na mtu aliye ndani ya teksi. Ukataka za zambarau, zenye mikia, zikae katikati, kila mstari upigwe mstari chini, na mwisho alama tatu za mshangao. Tayeb akasema, "Mheshimiwa, hizi hata kwenye kadi ya harusi zinaona haya." Ukacheka, nasi tukacheka. Herufi zikabaki.

Chini ya uso ulitaka picha ya kweli ya mwananchi akiandika barua, ipigwe kwa kamera yako mpya ya kutoka Dubai. Mwananchi huyo alikuwa Rahmati. Alikuwa kwa Nassim siku hiyo, amejifunika shiromani lake jekundu, akaambiwa akae, ageuze mgongo, asitambulike. Akakaa. Wala hakuambiwa picha inakwenda wapi.

Sasa, Rahmati ni mtu wa gundi na sindano, kompyuta ameijua ukubwani. Kwa kuogopa kusahau, alikuwa amebandika kikaratasi pembeni ya kioo cha kompyuta, kina anwani yake ya barua na neno lake la siri. Alikuwa akikibandua kila akiondoka. Kwenye sampuli, ambayo ni ya ukubwa wa daftari, kikaratasi kilionekana kama alama ya nzi. Tayeb akataka kukifuta. Mwandishi wako akamjibu, "Mheshimiwa ameshatia saini. Hata nzi amepitishwa."

Tukalikuza bango hadi ukubwa wa ukuta. Tukalibandika bandarini, Mirontsy, na Hombo njia ya kwenda hospitali. Kamera yako ni nzuri mno, Mheshimiwa. Pale Hombo, abiria wa teksi walilisoma neno la siri la Rahmati kutoka ng'ambo ya barabara, herufi kwa herufi, juu ya bango la kulinda siri. Kwa ubora wa chapa tunajipongeza.

CHANGAMOTO

Tunamuomba msomaji asiruke sehemu hii.

Rahmati ana binti mmoja, Djaouharia, anayesoma Moroni mwaka wa pili na kukaa Ntsoudjini kwa shangazi yake, Bi Chifa. Kila Alhamisi baada ya alasiri Rahmati alikuwa akienda kwa Nassim kumwandikia. Barua zake tunazijua, maana alikuwa akitamka kila neno analolichapa. Zote zilianza na umekula nini. Mataba? Nazi ilitosha? Shangazi yako ametia pilipili au bado anaogopa?

Alhamisi ya kwanza baada ya bango, sanduku lake la barua likakataa kufunguka. Nassim akamwambia yapo maswali ya mtu aliyesahau, na swali aliloliweka tangu mwanzo lilikuwa jina la mama yake. Watu sita waliokuwa kwenye foleni wakalitaja kabla yake. Mheshimiwa, swali hilo labda linafaa miji mikubwa. Hapa kwetu mtu akipita tunasema ni mtoto wa nani ndipo tukumbuke jina lake. Aliyeingia kwenye sanduku kabla ya Rahmati alilijua pia, na alikuwa ameshaweka swali jingine: "Kiongozi mpendwa wa kisiwa ni nani?" Tulijaribu majina yote tuliyonayo, yakakataliwa. Nassim alitaka kujaribu la kwako. Tukamzuia, tukiogopa lisije likawa lenyewe.

Mwezi uliopita muuguzi Hayati alipewa ruhusa ya safari moja, ghafla, kufuata dawa Moroni. Anasema huko nako kuna bango la kulinda siri. Limeandikwa kwamba Mutsamudu wana macho, na lina uso mwingine wenye tabasamu lile lile. Djaouharia alisikia kwamba kuna mtu wa nyumbani, akamfuata mpaka stoo ya dawa, akampa karatasi iliyochapwa kwa rangi.

"Da Hayati, hii imekuja kwa jina la mama yangu. Nimelipia rangi makusudi. Mpe fundi Tayeb aiangalie."

Barua yenyewe ilianza hivi: "Mwanangu mpendwa na mwananchi mwenzangu! Hali ya kisiwa ni shwari na sukari ni tele!!!" Halafu ikamtaka aorodheshe wenzake walioko Moroni wanaousema vibaya utawala.

"Umejuaje si yeye?" Hayati akamuuliza.

"Mama yangu hajawahi kuniandikia bila kuniuliza nimekula nini."

Hayati anasema mtoto amekonda, na ana kikohozi, na alimuapisha asimwambie mama yake. Hayati amemwambia mama yake.

Tayeb akaipokea karatasi kwa mikono miwili, akaitazama, akampa wa pili, akampa wa tatu, mpaka ikatuzunguka wote tisa. Herufi za zambarau, zenye mikia. Zimekaa katikati. Kila mstari una mstari chini. Mheshimiwa, hatumtuhumu mtu. Sisi si polisi, ni wachapaji, na mchapaji humjua mtu kwa herufi zake kama fundi viatu anavyomjua kwa kisigino. Kisiwa kizima tunaijua ofisi moja tu inayopenda herufi hizo, na siku zote tumeisifu kwa ladha yake. Bila shaka mwizi ameiga. Tunashangaa tu amewezaje kuiga mpaka zile alama tatu za mshangao.

Rahmati akachukua gundi na kipande cha karatasi nyeupe, ukubwa wa kiganja, akaenda Hombo saa nne asubuhi kufunika neno lake. Mlinzi wa bango akamshika mkono.

"Mama, unaugusa uso wa Mheshimiwa."

"Uso uko juu huko, mwanangu. Mimi nagusa neno langu."

"Neno limo ndani ya bango la Mheshimiwa. Basi ni lake."

Alikaa ndani siku mbili. Walipotaka kumwandikia mashtaka karatasi zikawa zimewaishia, wakaja kwetu kuomba. Tukasema hata sisi hatuna. Mungu atusamehe, tulikuwa nazo. Rahmati akaachiwa mpaka karatasi itakapopatikana, nasi tangu siku hiyo tunaificha chini ya mashine.

Alipotoka akafungua sanduku jipya kwa Nassim, neno la siri safari hii kichwani. Akamwandikia Djaouharia: mimi ni mama yako, yule si mimi, umekula nini? Mtoto aliyekwisha kudanganywa haamini tena hata umekula nini. Alijibu mstari mmoja, ule ule aliomjibu nao mwizi: "Kama ni wewe, niambie siku ile nasafiri, pale bandarini, ulininong'oneza nini."

Mwizi, kwa mujibu wa Hayati, alikuwa ameshajibu mara tatu. Alinong'oneza aipende nchi. Hapana. Alinong'oneza awe mwangalifu na watu wa Moroni. Hapana. Alinong'oneza amtii kiongozi. Kila Alhamisi anajaribu, na kila Alhamisi anaambiwa hapana. Tunamhurumia, anafanya kazi kubwa.

Rahmati jibu analo. Lakini kwa amri ya ofisi yako, kwa ajili ya usalama wa barua zetu, kompyuta za Nassim zimegeuzwa vioo vitazame mlangoni, na mlangoni pamewekwa kiti, na kwenye kiti kuna mtu mwenye daftari. Siku ile tulikuwepo. Rahmati aliweka vidole kwenye vitufe. Mtu wa daftari akasogeza kiti mbele. Rahmati akangoja. Mtu yule naye akangoja, kalamu iko tayari. Rahmati akaondoa vidole, akalipia dakika zake, akaenda nyumbani akajifungia. Ilituuma, Mheshimiwa, na inatuuma mpaka sasa. Hii ni wiki ya saba mama hajui mtoto wake amekula nini.

MAOMBI

Mabango elfu tutachapa. Tayeb amekwisha tengeneza sampuli. Kwa kuwa hakuna ruhusa ya kuweka kitu juu ya bango isipokuwa uso wako, tunaomba uso uongezwe. Ushuke. Upite kidevu, upite tai, ufike mpaka chini na ufunike kompyuta yote. Hatutakulaumu kwa kujipenda, tutakushukuru.

La pili, aliye na sanduku la Rahmati hatumdai. Akae nalo. Humo mna barua za miaka miwili, na akizisoma zote atajua kupika mataba. Tunamuomba tu aache kumwandikia mtoto wa watu.

La tatu ndilo tulilokuja nalo, mengine ni mapambo. Alhamisi hii baada ya alasiri, kompyuta moja ya Nassim igeuzwe itazame ukuta. Mtu wa daftari apewe chai, sisi tutampa, na mkate tutamtafutia. Ni kwa muda wa kuandika mstari mmoja tu. Baada ya hapo mtaigeuza tena mnavyopenda, na mashtaka mtayaandika, karatasi tutatoa sisi.

MWISHO

Tulipokuwa tukiandika risala hii, tulimwambia Rahmati atupe yale maneno aliyonong'oneza, tuyaweke hapa mwishoni, tukidhani yakisikika utalainika moyo. Akaendelea kushona daftari lake. Kisha akasema, "Nyie neno langu moja mmeshalichapa. Linatosha."

Kwa hiyo, Mheshimiwa, hayamo. Tuko tisa tulioandika na nane hatuyajui. Anayeyajua ndiye huyu anayekusomea, na hata ukimtazama namna hiyo hatayasema.

Mwenyezi Mungu akujaalie afya na macho mazuri, akupe watoto wanaokuandikia, na wewe uwe na mahali pa kuwajibu pasipo na mtu nyuma yako. Amina.

Ni sisi,
Wachapaji, Wachoraji wa Mabango na Wafunga Vitabu wa Karakana ya Marehemu Saïndou,
Mutsamudu, Februari 2008